Majalada ya Mufilisi Katika Mahakama za Afrika Mashariki

Jalada la ufilisi hufunguliwa mahakamani pale mfanyabiashara anaposhindwa kulipa wadai wake, na mali yake ikakabidhiwa kwa ofisa wa serikali ili igawanywe. Anayetaka kuijua historia ya biashara ndogo za Zanzibar, Kenya na Tanganyika ni vigumu kupata kumbukumbu iliyo bora kuliko hii. Mwenye duka lililostawi alibaki na daftari zake, na mara nyingi zilipotea pamoja na ukoo wake. Mwenye duka lililoanguka alilazimishwa na sheria kuziweka mezani, na karani wa mahakama akazifungia ndani ya jalada lenye namba.

Mtafiti huanza kwa kujua ni mahakama ipi iliyokuwa na mamlaka, kwa sababu mamlaka hayo yalibadilika mara kwa mara. Wahindi waliofanya biashara Zanzibar katika karne ya 19 walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, hivyo kesi zao za madeni zilisikilizwa na balozi mdogo wa Uingereza. Amri ya mwaka 1884 iliifanya mahakama hiyo ihesabiwe kama mahakama ya wilaya chini ya Bombay, na rufaa zikapelekwa huko. Raia wa Sultani walikuwa na mahakama zao na makadhi wao. Katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya, sheria za India zilitumika tangu mwaka 1897. Wajerumani nao waliendesha mahakama zao bara, katika eneo lililokuja kuwa Tanganyika, na walichoacha kimo katika kundi la nyaraka za Kijerumani kwenye hifadhi ya taifa, Dar es Salaam. Mambo yalipata sura moja mwaka 1930, Kenya na Tanganyika zilipotunga sheria za ufilisi zilizofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1914. Majalada ya baada ya hapo hufanana sana, na aliyelielewa moja hapati shida kusoma mengine.

Njia ya kulifikia jalada hupitia Gazeti la Serikali. Zanzibar ilianza kuchapisha lake mwaka 1892, na lile lililokuja kuwa la Kenya lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1899. Sheria ilitaka kila hatua kubwa ya ufilisi itangazwe humo: amri ya kukabidhi mali, mkutano wa kwanza wa wadai, siku ya mdaiwa kuhojiwa hadharani, mgao, na hatimaye kuondolewa ufilisi. Tangazo hutaja jina la mdaiwa, anwani, kazi yake, mahakama, tarehe, na iwapo ombi lililetwa na yeye mwenyewe au na wadai. Muhimu kuliko yote ni namba ya shauri na mwaka wake, kwa kuwa masjala hupanga majalada kwa namba. Asiyekuwa nayo anaweza kuzunguka wiki nzima na kutoka mikono mitupu.

Majina yanahitaji subira. Wafanyabiashara wengi wa Kigujarati walitumia jina lao likifuatwa na la baba, na makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia, hata mtu mmoja akaonekana kwa tahajia tatu. Duka pia liliweza kubeba jina la babu aliyekwisha kufa, wakati waliofilisika ni wajukuu walioshirikiana. Kwa hiyo inafaa kutafuta jina la mtu, la baba yake, la duka na la kila mshirika.

Ndani ya jalada, karatasi ya kusomwa kwanza ni taarifa ya hali ya mali, ambayo mdaiwa aliijaza chini ya kiapo siku chache tu baada ya amri ya kukabidhi. Upande mmoja wamo wadai: wenye dhamana, kama aliyeshika rehani ya nyumba, wa kutangulizwa, kama serikali kwa kodi na makarani kwa mishahara, na wasio na dhamana, ambao ndio wengi. Upande wa pili imo mali: bidhaa za dukani, samani, fedha, na madeni ambayo mufilisi naye aliwadai watu, yakigawanywa kuwa mazuri, ya mashaka na mabaya. Hapo ndipo mfumo mzima wa biashara unapojitokeza. Kampuni ya Ulaya yenye ofisi Mombasa ilimkopesha tajiri wa jumla, naye akamkopesha mwenye duka wa mji mdogo marobota ya vitambaa, sukari na mafuta ya taa kwa ahadi ya kulipa baada ya miezi kadhaa. Mwenye duka akawakopesha wateja hadi wavune. Bei ya mazao ilipoanguka, kama ilivyotokea baada ya mwaka 1929, mnyororo wote ulikatika, na majalada huonyesha pete kwa pete ulivyokatika.

Kumbukumbu za mahojiano huleta sauti ya mdaiwa mwenyewe, na zinastahili kusomwa kwa utulivu. Aliulizwa alianza na mtaji gani, alijua lini kuwa hawezi kulipa, kwa nini aliendelea kuchukua mali kwa mkopo, na daftari zake ziko wapi. Kutotunza daftari ipasavyo kulihesabiwa kosa, na mtu aliyekuwa akiandika hesabu kwa Kigujarati, katika mpangilio aliorithi kwa wazee wake, alijikuta akijitetea mbele ya hakimu asiyeweza kusoma ukurasa hata mmoja. Majibu yake yalipitia kwa mkalimani na yalitolewa kwa hofu ya kushtakiwa. Si haki kuyachukua kama ungamo kamili. Hupimwa kwa hati za kuthibitisha madeni zilizoletwa na wadai, ambazo nazo ziliweza kutiwa chumvi.

Fedha nazo zinaweza kumpotosha msomaji. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Mwaka 1920 thamani ya rupia katika Kenya iliwekwa kuwa shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni, na hivyo deni la zamani likawa zito zaidi kwa nusu yake likihesabiwa kwa pauni. Zanzibar iliendelea na rupia mpaka mwaka 1936, ilipoibadilisha kwa shilingi moja na nusu. Rupia 1,000 za deni ziligeuka shilingi 2,000 Nairobi na shilingi 1,500 Unguja.

Kuna watu wasioonekana kabisa katika majalada haya. Sheria za kikoloni ziliwawekea mipaka waliotaka kumdai Mwafrika mahakamani deni la mkopo wa biashara, na asiyekopesheka hawezi kutangazwa mufilisi. Mwafrika hutokea kama jina katika orodha ya madeni mabaya, au bila jina, kama sehemu ya jumla ya wateja. Wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba pia hawamo kwa wingi, kwa kuwa madeni yao yalishikiliwa kwa rehani za ardhi, na habari zao zimo katika rejista za hati. Uzito wa madeni hayo ulielezwa katika ripoti ya Bartlett na Last ya mwaka 1933, na mwaka uliofuata serikali ikatunga amri za kusimamisha ulipaji kwa muda na kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji wa Kihindi. Wadaiwa wengine walipatana na wadai nje ya mahakama, nao hutafutwa katika rejista ya hati za mapatano.

Leo majalada ya zamani ya Zanzibar hutafutwa katika hifadhi ya Kilimani, na ya Kenya katika Hifadhi ya Taifa, Nairobi. Mengine hubaki katika masjala za mahakama kuu. Kenya ilibadilisha sheria yake ya ufilisi mwaka 2015. Tanzania Bara, kazi ya kusimamia mali za mufilisi iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Pale jalada lenyewe limeliwa na mchwa au kupotea, matangazo ya Gazeti la Serikali hubaki, na kwa kuyapanga kwa tarehe huwezekana kujua ombi lililetwa lini, nani alilileta, na wadai waliambulia senti ngapi kwa kila shilingi.