Ngitili Zilizoirudishia Shinyanga Miti

Mwaka 2026 unatimiza miaka 40 tangu kuanzishwa kwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mradi uliojulikana kwa jina la HASHI. Leo, kila halmashauri inapotakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, historia hii inafaa kusomwa upya na kila mkurugenzi na kila diwani.

Shinyanga haikukauka yenyewe. Tangu miaka ya 1920, Waingereza waliwakusanya wananchi kufyeka vichaka ili kuangamiza mbung'o. Yakafuata mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu na kuwatenga na malisho yao ya akiba. Kufikia miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere aliona mkoa unageuka jangwa.

Maofisa wa HASHI walianza na vitalu vya miche, lakini wakulima hawakuvutiwa. Walikuwa na njia ya wazee wao: ngitili, eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, ili ndama na maksai wasikose majani. Likifungwa, visiki vilivyo hai ardhini huchipua bila mche wala kumwagiliwa.

Hapo maofisa wakafanya jambo la hekima: wakakubali kufundishwa. Adhabu za kuingiza ng'ombe au shoka ndani ya ngitili zikajadiliwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakalinda. Serikali za vijiji zikaandika sheria ndogo na halmashauri zikaziidhinisha. Sheria ilitungwa na walewale waliotakiwa kuitii, ndiyo maana ikatiiwa.

Mwaka 1986 zilibaki takriban hekta 600 tu za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ripoti ya mtafiti Gerald Monela na wenzake ya 2005 ilikadiria faida ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, kutokana na kuni, malisho, dawa na asali.

Mradi ulifungwa 2004, na tangu hapo mkaa na mashamba mapya vimezibana ngitili. Inasikitisha kwamba bado tunapima juhudi kwa idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe. Halmashauri zidaiwe pia hesabu ya hekta zilizofungwa kwa ridhaa ya vijiji, na miti iliyo hai baada ya kiangazi.