Macho ya paka yakiwaka pichani: jinsi ya kuyarekebisha, na picha ya kutoigusa

Shangazi yangu alinitumia picha ya paka wake aliyegongwa na bodaboda. Picha zake nyingine zilipotea na simu ya zamani. Hii ndiyo pekee iliyobaki. Ilipigwa usiku barazani kwa flashi, na macho yakawaka kijani. "Sasa nitatundikaje jini ukutani?" akaniuliza.

Nilianza kwa kosa la wengi: nikabonyeza kitufe cha kuondoa macho mekundu. Hakuna kilichobadilika. Kitufe kile husaka wekundu, na wekundu ni wa binadamu. Mwanga wa flashi hugonga nyuma ya jicho letu ukarudi na rangi ya damu ya mishipa ya huko. Paka, mbwa, mbuzi, punda na hata komba wana utando nyuma ya retina unaofanya kazi kama kioo. Huurudisha mwanga upite mara ya pili, mnyama apate kuona gizani. Wataalamu huuita tapetamu. Ndiyo maana macho yao huwaka kijani, manjano ama buluu. (Paka wa Siamu aghalabu huwaka mekundu, kwa hivyo kwao kitufe kile huenda kikafaa.)

Nilitumia GIMP, programu ya kompyuta isiyolipiwa. Kwanza toa nakala, picha asili uiache. Vuta karibu hadi jicho lijae kwenye skrini, kisha chagua mboni tu, lile duara la katikati. Pete ya rangi inayoizunguka usiiguse, kwani ndiyo inayomtambulisha paka wako. Lainisha kingo za ulipochagua kwa pikseli 2 au 3, la sivyo jicho litaonekana limebandikwa. Ondoa rangi yote, ndipo upunguze mwangaza. Ukianza na mwangaza, utapata kijani cha chupa.

Hapo nilikwama. Flashi ilikuwa imeunguza mboni ikawa nyeupe kabisa, na kila nilipopunguza mwangaza nilipata rangi ya jivu. Dawa yake ni kuongeza tabaka jipya juu ya picha, upake nyeusi ndani ya mboni, kisha ulififishe tabaka hilo kidogo, hadi kama asilimia 85. Nyeusi tupu hufanya jicho kuwa shimo. Mwisho, tia nukta ndogo nyeupe upande mmoja wa kila mboni, pande zilingane. Bila nukta hiyo paka huonekana mfu, na kwa shangazi hilo lingekuwa msiba wa pili. Wala usichore mboni nyembamba ya mchana. Usiku mboni ya paka hutanuka.

Kwenye simu, Snapseed ina brashi ya kupunguza rangi na nyingine ya kutia giza. Hutosha kwa picha ndogo ya kutumiana, si ya kuchapisha.

Afadhali zaidi ni kuzima flashi na kuwasha taa ya chumbani. Flashi ya simu iko ubavuni mwa lenzi, kwa hivyo mwanga hurudi pale pale ulikotoka. Ikibidi kuitumia, mpige mnyama akitazama pembeni.

Picha ya shangazi imetundikwa. Sasa jamaa wananitumia zao, na za watoto zimo. Hapa ninasimama kidogo. Macho ya mtoto yakiwa mekundu yote mawili, rekebisha bila wasiwasi. Lakini jicho moja likitoa mng'ao mweupe ilhali la pili ni jekundu, huenda ni pembe tu ya kamera, na huenda ni mtoto wa jicho au retinoblastoma, saratani ya jicho ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5 na hutibika vyema ikigunduliwa mapema. Picha hiyo usiiguse. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho upesi, na picha uende nayo vivyo hivyo ilivyo.