Ubao Unaoyumba na Magoti ya Wanasoka

Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu, wengi wetu tunafikiria uvimbe na barafu. Mwaka 1965, daktari mpasuaji wa London, Michael Freeman, alifikiria mishipa ya fahamu. Ndani ya kano za kiungo mna ncha za mishipa inayoupasha ubongo habari za jinsi mguu ulivyokaa. Kano ikiumia, alieleza Freeman, habari hizo nazo hukatika, ndiyo maana mguu uliokwisha kupona huendelea kuteguka. Akawasimamisha wagonjwa wake juu ya ubao unaoyumba, wajifunze upya kusimama. Waliolalamika kwamba mguu haushiki chini wakapungua.

Wasweden waliujaribu ubao huo kwa wanasoka katika miaka ya 1980. Hata hivyo, kazi iliyotikisa wengi ni ya Waitaliano, akina Caraffa, iliyochapishwa mwaka 1996. Walifuatilia wachezaji 600 wa timu 40 zisizo za kulipwa kikamilifu. Nusu yao walifanya mazoezi ya dakika 20 kwa siku: kusimama kwa mguu mmoja chini, kisha juu ya ubao wa mstatili, wa duara, hadi ule unaoyumba kila upande. Misimu mitatu ilipokwisha, waliofanya mazoezi ya kawaida walikuwa na majeraha 70 ya kano ya mbele ya goti. Wale wa ubao, 10. Timu hazikugawanywa kwa kura, kwa hiyo tusizipokee namba hizo kama msahafu. Lakini kano hii mara nyingi huchanika pasipo mtu kuguswa, mchezaji anapotua au kugeuka ghafla, na hapo mwenye kuliokoa goti ni ubongo unaowahi kuiamuru misuli.

Mwaka 2006 wataalamu wa FIFA, pamoja na wenzao wa Oslo na California, wakatunga mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo 11+. Ubao ukaondolewa. Mchezaji husimama kwa mguu mmoja, mpira mikononi. Akizoea, hurushiana na mwenzake. Mwisho mwenzake humsukuma huku na huku, naye asiache goti lilalie ndani. Pamoja na kukimbia, kuruka na kujenga misuli, yote huchukua dakika 20. Kwa wasichana wa Norway wa miaka 13 hadi 17, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja.

Utafiti ninaotamani kila kocha wetu wa vijana ausome ulichapishwa mwaka 2014. Ulifanyika Lagos, kwa vijana 416 wa ligi ya huko, na majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Makocha wengi bado hukimbiza timu mizunguko miwili, wakanyoosha misuli kidogo na kuanza mechi. FIFA inashauri 11+ ifanywe angalau mara 2 kwa wiki, na nchini Norway timu zilizoishika kwa bidii ndizo zilizoumia kidogo zaidi.