Nyota na Jina la Mtu

Mwanafunzi mmoja wa Ilomba, katika mji wa Mbeya, alitujia na taabu ya nyumbani kwao. Kaka yake alikuwa amekwisha kuposa, na mahari imetolewa. Ndipo mnajimu mmoja msafiri alipofungua kitabu chake akanena kwamba nyota ya kijana ni ya maji, na ya binti ni ya moto, basi hawapatani. Baba akaisimamisha arusi. Nasi tukaulizwa: elimu hii yatoka wapi?

Wasikilizaji wetu, yatoka mbali. Watu wa Babeli, katika nchi iitwayo leo Iraki, waliandika miendo ya nyota juu ya vigae vya udongo, wakaigawanya njia ya jua mbinguni mafungu 12 yaliyo sawa, ndiyo buruji. Hati ya kale kabisa ijulikanayo ya nyota za mtoto siku ya kuzaliwa kwake ni ya mwaka 410 kabla ya Kristo. Wayunani wakaipokea elimu hiyo. Ptolemy wa Alexandria akaitungia kitabu katika karne ya 2. Kisha wataalamu wa Baghdad wakaiendeleza. Kwa majahazi ya kaskazi ikafika pwani yetu pamoja na majina yake: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani na wenzao. Kila nyota ilikwisha pewa tabia moja katika nne: moto, udongo, upepo au maji.

Katika majahazi yayo hayo ilikuja elimu ya kupima, nayo twaisifu. Nahodha alishika njia kwa nyota. Watu wa pwani walihesabu siku 365 za mwaka wa Nairuzi kwa makumi. Wala sisi wa bara hatukuwa wajinga. Kilimia chapata jina lake katika kulima, na Wazulu, mbali kusini, hukiita isiLimela. Huku Mbeya kikichomoza wakati wa kuchwa jua, mwezi wa Novemba, mvua i karibu.

Walakini tazameni hesabu ya yule bwana. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Ali ni 70 na 30 na 10, yaani 110. Mama yake, Mariamu, ni 290. Jumla ni 400. Gawanya kwa 12, hubaki 4; na nyota ya nne ni Saratani, ya maji. Mbingu hazikutazamwa hata mara moja! Wala siku ya kuzaliwa haikuulizwa. Mapacha wa usiku mmoja waweza kupewa nyota mbalimbali, kwa kuwa majina yao si mamoja. Watu wa Babeli wangalistaajabu.

Tulimwendea yule mzee, tukamhesabia mwanawe kwa jina la ubatizo, kisha kwa jina alilopewa na babu yake. Zikatoka nyota mbili, moja ya maji, moja ya upepo. Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akatuuliza kama twadhani mahindi yatakuwa yamekwisha vunwa kufika Julai, maana wageni wa arusi hula sana.