Macho Mbali na Dunia

Msomaji, jioni giza liingiapo pale Kisegi, inua macho yako mbinguni. Pengine utaona nuru ipitayo upesi, kimya kimya. Hiyo si nyota. Ni kituo cha anga cha kimataifa, kiizungukacho dunia kwa muda wa dakika 90 hivi. Je, wakaao humo waonaje?

Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, alisafiri dakika 108 tu mwaka 1961. Safari fupi namna hiyo haikuweza kufichua dhara lijalo polepole. Mwaka 2009 Michael Barratt na Robert Thirsk, waganga wote wawili, walikuwa kituoni wakatambua kwamba vitu vya karibu hawavioni vema tena. Wakachunguzana macho, wakatoa habari. Mwaka 2011 wataalamu walieleza hali ya wanaanga saba waliokaa angani miezi sita: watano walikuwa na uvimbe pale mshipa wa fahamu uingiapo jichoni, na watano macho yao yalikuwa yamebonyea kwa nyuma.

Hapa duniani uzito huvuta maji ya mwili kuelekea miguuni; kule hupanda kichwani. Hiyo ndiyo sababu idhaniwayo, na uchunguzi ungali ukiendelea.

Safari ya Mirihi, kwenda na kurudi, itapita miaka miwili. Macho yakififia njiani, nani ataongoza chombo? Basi, msomaji, uwakumbuke waganga wale: hawakuona haya kusema kwamba macho yao yamepungua nguvu, na kwa ukweli wao wenzao wakaonywa mapema.