Wapenzi wa reli ndogo, na tawi la Kitale linalosubiri daftari

Mwezi wa Shaaban nilipanda Eldoret kwa harusi ya binamu yangu. Alfajiri ya pili, tukitoka msikitini, honi ya treni ikalia upande wa stesheni. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta viatu vyake mlangoni akasimama, akasikiliza.

"Hiyo ya Kimarekani," akasema. "Tena ina mzigo mzito."

Nikampa shikamoo, nikamuuliza amejuaje bila ya kuiona. Akacheka. "Mwanangu, wewe humjui mkeo kwa kikohozi?"

Kumbe ni mtoto wa Changamwe. Aliingia kazi ya reli mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama faimani, yaani mtu wa kuangalia moto na maji ya mashine, akapanda hadi udereva. Kazi ikamleta bara, akaoa Eldoret, akabaki huko. Siku mbili zilizobaki za safari yangu nilizimaliza kibarazani kwake, na makala haya yametokana na mazungumzo hayo.

Wapenzi wa reli ni nani?

Ndugu msomaji, duniani wako watu ambao mapenzi yao ni treni kama wengine walivyo na mapenzi ya mpira. Huko Uingereza na Marekani ni wengi mno. Huandika namba za mashine, hupiga picha, hurekodi sauti, na hujua kila injini imetengenezwa wapi, mwaka gani na imewahi kufanya kazi njia ipi. Baadhi yao huchanga fedha zao kufufua mashine iliyokufa.

La kushangaza ni kuwa wengi hawavutiwi na treni mpya za kasi. Wanachokipenda ni kampuni ndogo za mizigo zenye njia fupi. Marekani zipo mamia. Kampuni kama hiyo huwa na injini chache zilizokuwa za kampuni kubwa, na kazi yake ni kutoa mahindi ghalani au mbao kiwandani na kuyafikisha mabehewa kwenye njia kuu. Injini ya miaka 40 bado inavuta, kwa sababu fundi anaijua kama mtoto wake.

Kenya, iliyo karibu zaidi na namna hiyo ni njia ya Magadi. Inatoka Konza, ina urefu wa kilomita 146, na ilifunguliwa mwaka 1915 kwa ajili ya magadi ya ziwa hilo. Kampuni ya magadi ndiyo inayoendesha treni zake yenyewe. Njia zetu nyingine fupi ni matawi ya reli ya taifa: Butere, Nanyuki, Nyahururu, na hili la Kitale lililo jirani na Eldoret.

Njia ya Eldoret na tawi lake

Reli iliyotoka kwetu Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye ikachepushwa Nakuru, ikapanda milima ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924. Iliendelea hadi Uganda na kuingia Kampala mwaka 1931. Kwa hivyo mji huu, uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, umekaa juu ya njia kuu.

Ukitoka Eldoret kuelekea Malaba unafika Leseru. Hapo ndipo lilipozaliwa tawi la Kitale mwaka 1926, kilomita zipatazo 65, likipitia Moi's Bridge, ambayo zamani iliitwa Hoey's Bridge. Hii ni nchi ya mahindi na ngano, na maghala makubwa ya nafaka yapo hapo Moi's Bridge mpaka leo. Tawi lilijengwa ili gunia la Trans Nzoia lifike bandari ya Kilindini, na mbolea na mashine za shamba zipande kutoka Kilindini. Kwa miaka mingi tawi lilinyamaza, na mzigo ukahamia kwenye malori.

"Watu wanadhani reli ni chuma," Mzee aliniambia. "Reli ni hesabu. Behewa ngapi kwenye mlima gani, breki uanzie wapi. Ukikosea Timboroa huna pa kuomba msamaha."

Mashine zenyewe

Wageni wapenzi wa reli waliokuja Kenya miaka ya 1960 na 1970 wengi walifuata Garratt za kundi la 59. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na hakukuwa na mashine za mvuke kubwa kuliko hizo kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Kazi yao hasa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi.

Matawi yenye reli nyepesi hayakuweza kubeba zimwi kama hilo. Kwa hiyo zilikuwepo mashine ndogo zaidi, kama kundi la 31 lililotengenezwa Vulcan Foundry huko Uingereza, lenye mzigo mwepesi kwa kila ekseli. Hizo zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Mzee alianzia kazi juu ya mashine za kundi hilo, na hata leo akizitaja sauti yake hulainika.

Mvuke uliisha Kenya kwenye mwaka wa 1980, na mashine nyingi zikakatwa zikauzwa kama chuma chakavu. Chache zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko utaiona namba 5918, Mount Gelai.

Na ile "ya Kimarekani" iliyolia alfajiri? Mwaka 2014 kampuni iliyokodishiwa reli yetu ilianza kuleta injini 20 za dizeli aina ya B23-7. Ni aina iliyotengenezwa na General Electric kati ya mwaka 1977 na 1984. Zilitumika Marekani, zikakarabatiwa, zikafungwa magurudumu ya kutosha reli yetu. Injini za aina ileile anayosafiri Mmarekani kwenda kuipiga picha kwenye njia fupi ya kwao, sisi zinatupitia Eldoret na hatugeuzi shingo.

Sisi na kumbukumbu zetu

Wengine watasema huu ni upuuzi wa watu walioshiba. Mimi pia niliwahi kusema hivyo. Lakini wahenga wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Unguja ilikuwa na reli ya Bububu, maili saba hivi, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905 na kubeba abiria hadi miaka ya 1920. Vijana wangapi wa pwani wanaijua? Tunachokijua juu yake tunakipata zaidi katika vitabu na picha za wageni.

Tawi la Kitale linaweza kufuata njia hiyohiyo. Likikaa kimya muda mrefu, mataruma huoza, reli huibwa, vibanda hujengwa juu yake, na siku serikali ikitaka kulifufua inaanza na kesi za ardhi. Matawi ya Nanyuki na Butere yamefufuliwa miaka ya karibuni, basi jambo lenyewe linawezekana. Lakini lisilojulikana halina wa kulidai. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya mwenye daftari na kamera.

Kuanza hakuhitaji utajiri. Nenda makumbusho. Andika namba ya injini na kibati cha kiwanda chake. Ukitaka kupiga picha stesheni au karakana, omba ruhusa kwanza, na usitembee juu ya reli ukidhani imekufa. Zaidi ya yote, watafute wastaafu. Changamwe na Makupa wamejaa watoto na wajukuu wa watu wa reli.

Mzee alikuwa na daftari lake, ameandika kila mashine aliyoifanyia kazi. Mchwa walilila sandukuni. Usiku wa mwisho nilichukua kalamu nikamwambia anitajie anazozikumbuka. Alifumba macho. Tulifika namba 14 kabla ya adhana ya Isha, na kila namba ilikuwa na kisa chake.

"Zilizobaki zitarudi," akasema. "Wewe rudi tu."

Nitarudi baada ya Idi, insha'Allah. Mzee ana miaka 75, na daftari lina kurasa nyingi tupu.