Barua ya Lindi, Kanda za Mocímboa na Hiari ya Muuzaji

Swali la iwapo muuza vitabu akatae kuuza maandishi yanayoudhi hujadiliwa zaidi kwa kumtaja Salman Rushdie na kitabu chake cha mwaka 1988. Kwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado mfano huo hautufai sana. Huko kilichozua utata hakikuwa kitabu, wala hakikuwa cha Kiingereza.

Tuanzie ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1908, mara tu baada ya Vita vya Majimaji, ilienea Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilinakiliwa kwa mkono, ikihimiza waumini watubu kwa kuwa Kiama kimekaribia. Utawala wa Kijerumani ulishtuka, ukaona ni uasi, ukamshuku Rumaliza aliyekuwa Unguja. Baadaye mtaalamu C. H. Becker alionyesha kwamba barua za aina hiyo zilikwisha kuzunguka sana katika nchi za Kiislamu.

Karne moja baadaye, video za mahubiri ya Aboud Rogo wa Mombasa, aliyeuawa kwa risasi Agosti 2012, zilisambaa miongoni mwa vijana wa Mocímboa da Praia na jirani zake, kama watafiti walivyoeleza mwaka 2019. Lugha yake ni Kiswahili, ambacho msemaji wa Kimwani hapati taabu kubwa kukifuata. (Sisi walimu hujisifu kwamba lugha yetu inavuka mipaka bila pasipoti. Hii nayo ilivuka.) Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya mji huo vilishambuliwa.

Sisemi kwamba kanda ndizo zilizoleta vita. Umaskini na kutengwa kwa vijana vilikuwapo. Hata hivyo, wito wa kuua si sawa na wito wa toba, na muuzaji anayeuelewa kwa lugha yake ana haki, tena wajibu, wa kuukataa. Tukimwambia akatae kila kinachoudhi, ataanza na vijitabu vya mabishano ya maulidi, kwani hivyo ndivyo vinavyowaudhi wazee walio karibu naye.

Wala uamuzi huo usiachiwe ofisa asiyejua Kiswahili. Mjerumani wa Lindi alishtushwa na barua ya toba. Cabo Delgado mambo yalikuwa kinyume: viongozi wa Kiislamu wa huko, waliowasikia vijana hao kwa masikio yao, waliionya serikali kabla ya 2017, na hawakusikilizwa.